Kistari kirefu hakitoshi kumwita mwanao mwongo

KAMA una mtoto wa sekondari au chuo, huenda umeshasikia kauli hii nyumbani kwako au kwenye kundi la wazazi la WhatsApp: ukikuta kistari kirefu kwenye maandishi, ujue yameandikwa na ChatGPT. Binti anamletea baba insha ya likizo aisome, baba anaona vistari viwili kwenye ukurasa wa kwanza, na mazungumzo yanaishia hapo. "Hii hukuandika wewe."

Maneno hayo ni machache lakini ni mazito. Mtoto ameambiwa kuwa ni mwongo, tena na mtu ambaye maneno yake yanamuingia kuliko ya mwalimu. Kama kweli alinakili, atajifunza kuficha vizuri zaidi safari ijayo. Kama hakunakili, amejifunza kwamba kuandika vizuri kunaleta matatizo nyumbani.

Kabla mambo hayajafika huko, inafaa mzazi aijue alama hiyo, ajue kwa nini inahusishwa na akili unde, yaani AI, na kwa nini peke yake haitoshi kumtia mtu hatiani.

Kistari kipi hasa?

Kuna alama mbili zinazofanana. Kistari kifupi (-) ndicho kilichopo wazi kwenye kibodi ya kila simu na kompyuta. Shuleni hufundishwa kuwa kinakata neno lisiloenea mwishoni mwa mstari na kuunganisha maneno kama "Idd-el-Fitr".

Kistari kirefu (—), ambacho wengine hukiita deshi, kina kazi nyingine. Kinaingiza maelezo ya ziada katikati ya sentensi, kinaonyesha kuwa msemaji amekatizwa, au kinatangulia maneno yanayofafanua yaliyotajwa. Mfano: "Mtoto alipimwa joto, uzito na kimo — mambo matatu tu — kisha akaruhusiwa."

Wazazi wengi wanaitumia alama hii kila siku bila kuijua jina. Anayeandika "Bibi ameshafika - mpokeeni stendi" ametumia kistari kifupi kufanya kazi ya kirefu. Amefanya hivyo kwa sababu kirefu hakionekani kwenye kibodi, na hapo ndipo shaka inapoanzia. Watu hujiuliza, kama hakipo kwenye simu, mtoto amekitoa wapi?

Jibu ni kwamba kipo. Kwenye simu nyingi, ukibonyeza kistari kifupi na kukishikilia kidogo, kirefu kinajitokeza juu yake. Kwenye iPhone, vistari vifupi viwili vikiandikwa mfululizo, simu yenyewe inaweza kuvigeuza kuwa kimoja kirefu. Programu ya Word kwenye kompyuta nayo hufanya hivyo ukiandika vistari viwili kati ya maneno mawili. Mtindo huo wa vistari viwili umetoka kwenye mashine za taipu, ambazo kwa kawaida hazikuwa na kistari kirefu, hivyo wapiga chapa waligonga vifupi viwili badala yake.

Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kukabidhi kazi yenye vistari virefu ambavyo kompyuta imemuwekea bila yeye kuomba. Na kazi ikiwa imeandikwa kwa mkono, suala linakuwa gumu zaidi, kwa sababu urefu wa kistari kwenye daftari unategemea mwandiko wa mtoto siku hiyo.

Kwa nini AI ina vistari vingi

Watu hawakuota ndoto. Majibu ya ChatGPT, iliyofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, yamekuwa na vistari virefu vingi kiasi kwamba wasomaji wa nchi mbalimbali wameviona.

Programu za aina hii hufunzwa kwa kupitishwa kwenye maandishi mengi sana ya binadamu, yakiwamo vitabu, magazeti na tovuti. Humo zinajifunza neno gani au alama gani huelekea kufuata nyingine. Maandishi ya Kiingereza yaliyopitia mikononi mwa wahariri yana vistari virefu kwa wingi, na si jambo la juzi. Laurence Sterne wa Uingereza aliijaza vistari riwaya yake aliyoanza kuichapisha mwaka 1759. Mshairi wa Marekani Emily Dickinson, aliyefariki mwaka 1886, anajulikana duniani kwa vistari vyake.

Maana yake ni kwamba mashine imejifunza kistari kutoka kwa watu. Mtoto anayesoma riwaya na magazeti anajifunza kutoka kwa watu hao hao. Kadiri anavyosoma sana, ndivyo anavyoelekea kuandika kama vitabu, na ndivyo anavyoelekea kushukiwa.

Homa haina maana moja

Wazazi wanalijua jambo hili kwa upande wa afya. Kwa miaka mingi mtoto akichemka mwili, alipewa dawa ya malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe. Ndiyo maana siku hizi mtoto akifika zahanati na homa, anatobolewa kidole kwa kipimo cha haraka kabla ya kuandikiwa dawa.

Sababu yake ni kwamba homa ni dalili, na dalili moja ina vyanzo vingi. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo au mafua. Ukimpa mtoto mwenye nimonia dawa ya malaria, unakuwa umemtibu ugonjwa asio nao, na ule alio nao unaendelea kumla.

Kistari kirefu nacho ni dalili. Kinaweza kutokana na AI, na kinaweza kutokana na Word, na kitabu alichosoma mtoto, au na mwalimu aliyemfundisha vizuri. Tofauti ni kwamba kwenye malaria kuna kipimo kinachoaminika. Kwenye maandishi, vipimo vilivyopo vina makosa ambayo mzazi anapaswa kuyajua.

Januari 2023 OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, ilitoa chombo chake cha kutambua maandishi ya AI. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, chombo hicho kiliyatambua sawasawa maandishi ya AI kwa asilimia 26 tu, na kiliyahukumu kimakosa maandishi ya binadamu kwa asilimia 9. Kwa makosa ya kiwango hicho, kati ya wanafunzi 100 walioandika kwa jasho lao, 9 wangetajwa kuwa wamedanganya. Julai mwaka huo huo kampuni ilikiondoa ikisema usahihi wake ni mdogo. Yaani hata wenye mashine walishindwa kuyatambua kwa uhakika maandishi yake.

Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani nacho kilizima kipengele cha kutambua AI kwenye programu ya Turnitin Agosti 2023. Hesabu yao ilikuwa rahisi. Watengenezaji walisema makosa ni asilimia 1. Chuo kilikuwa kimepitisha kazi 75,000 kwenye programu hiyo mwaka 2022. Asilimia 1 ya hizo ni kazi 750, na nyuma ya kila kazi kuna mwanafunzi.

Wanaoandika lugha ya pili ndio wanaoumia

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitisha insha 91 za mtihani wa TOEFL kwenye vyombo saba vya kutambua AI. TOEFL ni mtihani wa Kiingereza unaofanywa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Insha hizo zilikuwa zimeandikwa na watu. Hata hivyo, kwa wastani vyombo hivyo vilisema zaidi ya asilimia 60 zimeandikwa na mashine. Insha 89 kati ya 91 zilishukiwa na angalau chombo kimoja, na 18 zilishukiwa na vyombo vyote saba. Insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani zilipopitishwa humo, makosa yalikuwa machache sana.

Chanzo ni namna vyombo hivyo vinavyofanya kazi. Vinaangalia kama maneno yanatabirika. Anayeandika lugha ya pili hutumia maneno aliyoyazoea na sentensi za muundo aliofundishwa, hivyo maneno yake yanatabirika kirahisi, na chombo kinadhani ni mashine.

Sasa mfikirie mtoto aliyesoma Kiswahili hadi darasa la saba, akaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Amekariri namna ya kuanza insha, ya kuunganisha aya na ya kufunga. Amefanya kama alivyoelekezwa, na sasa utii wake huo ndio unaweza kumletea tuhuma. Kistari kimoja kikiongezwa juu yake, anayemshuku anaona amepata uhakika.

Mwongo hukifuta, mkweli hukiacha

Kuna jambo jingine linaloifanya alama hii isifae kuwa mtego. Kuondoa vistari kwenye maandishi ni kazi ya dakika moja. Mwanafunzi anayetaka kudanganya anaweza kuvifuta mwenyewe au kuiambia programu isivitumie. Novemba 2025 mkuu wa OpenAI, Sam Altman, alitangaza kwamba ukiweka maelekezo ya kuizuia ChatGPT kutumia vistari virefu, sasa itatii.

Mdanganyifu anajua kuwa kuna alama ya kufuta. Mtoto aliyeandika mwenyewe hana habari, kwa hiyo anaiacha. Mzazi anayewinda vistari atamkamata huyu wa pili mara nyingi zaidi kuliko wa kwanza. Wakati huo huo, anayesikia sana habari ya vistari anaanza kuvikwepa, kisha anakwepa msamiati mzuri, kisha anaharibu sentensi makusudi ili ionekane ya binadamu. Hakuna mzazi aliyelipa ada kwa ajili ya hilo.

Mzazi afanye nini?

Shule nyingi za sekondari haziruhusu simu, hivyo mashaka mengi hutokea kwenye kazi za likizo na za nyumbani, pale mzazi alipo. Hiyo ni nafasi nzuri. Badala ya kuchunguza alama, chunguza kazi yenyewe kwa njia hizi.

Kwanza, mwombe akueleze. Funga daftari, mwambie, "Hebu nisimulie umeandika nini humu." Aliyeandika mwenyewe anaweza kusahau neno, lakini hoja zake anazijua. Anajua kwa nini alianza na jambo fulani na nini kilimsumbua. Aliyenakili hukwama kwenye aya ya pili. Usimuulize kwa sauti ya polisi, kwa sababu mtoto mwenye hofu hukwama hata kwenye kazi yake halali.

Pili, omba kuona rasimu. Kazi ya mtu huacha nyayo, kama karatasi yenye mikwaruzo, orodha ya hoja au sentensi iliyokatwa. Kama ameandikia kwenye Google Docs, kuna sehemu inayoonyesha historia ya matoleo, na humo utaona maandishi yakikua kidogo kidogo au yakiingia yote kwa mpigo. Mzoeshe kutunza rasimu zake hata kabla ya kushukiwa, kama mnavyotunza kadi ya kliniki.

Tatu, linganisha na kazi zake za nyuma. Kama tangu darasa la sita anaandika kwa vistari, hicho ni kiandikio chake. Kama lugha imebadilika ghafla kutoka wiki moja hadi nyingine, una sababu ya kuuliza, na swali zuri ni "Nani amekusaidia hapa?" Swali hilo linampa nafasi ya kusema ukweli bila kuvunjika.

Nne, usiiulize ChatGPT. Wapo wanaobandika insha ya mtoto humo na kuuliza, "Wewe ndiye uliyeandika hii?" Programu hiyo haina njia ya kuaminika ya kujua, na inaweza kujibu ndiyo kwa kujiamini kabisa. Mei 2023 mhadhiri mmoja huko Texas, Marekani, alifanya hivyo na kuwazuilia wanafunzi wake alama, na baadaye ikabainika wapo waliotuhumiwa bila kosa.

Ikiwa kweli alitumia AI

Huenda baada ya mazungumzo mtoto akakiri. Hapo tofautisha matumizi. Kuomba maelezo ya mada asiyoielewa kunafanana na kumuuliza kaka au dada aliyemtangulia shule. Kusahihisha tahajia ni kama kutumia kamusi. Kuagiza insha nzima na kuweka jina lake ni udanganyifu, na aelezwe hivyo bila kuzungushwa.

Mwonyeshe pia hasara yake. Insha hutolewa ili mtoto ajizoeze kupanga mawazo, na zoezi hilo halina mwakilishi, kama ambavyo mgonjwa hawezi kumezewa dozi na jirani. Kwenye chumba cha mtihani atakuwa peke yake na kalamu. Adhabu inayofaa ni kuiandika upya kazi ile, mezani, wewe ukiwa karibu. Akimaliza, isome yote na umwambie mahali palipokuvutia.

Ikiwa ametuhumiwa shuleni

Usikimbilie shule kwa hasira, na usimkane mtoto kabla hujamsikia. Kusanya rasimu, nenda na mtoto, mwombe mwalimu kwa heshima ampe nafasi ya kueleza kazi yake kwa mdomo au kuandika nyingine mbele yake. Walimu wengi wana wanafunzi wengi na muda mfupi, na watapokea njia inayowapa uhakika. Uliza pia kama shule ina utaratibu wa matumizi ya AI, ili wewe na mwanao mjue mipaka mapema.

Nyumbani, mwangalie kwa jicho la afya. Kijana aliyeitwa mwongo mbele ya wenzake anaweza kukosa usingizi, kulalamika kichwa au tumbo kila asubuhi ya shule, kupoteza hamu ya kula, kujitenga au kuacha vitu alivyovipenda. Dalili hizo zikiendelea kwa wiki mbili au zaidi, zizungumzeni na mtoa huduma za afya au mshauri wa shule. Akitaja kujidhuru au kutamani kufa, usisubiri wiki hizo wala usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Nchini Tanzania na Kenya ipo pia simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo hupigwa bure.

Kwenye simu yako mwenyewe

Suala hili halimhusu mtoto peke yake. Shangazi anaandika salamu za pole kwa utulivu, anaweka kistari, na kijana kwenye kundi la ukoo anacheka, "Shangazi siku hizi anatumia ChatGPT." Aliyekaa usiku kutafuta maneno ya kumfariji mfiwa hastahili mzaha huo. Anayesoma salamu kwanza atafute mtu ndani yake: jina la marehemu, kumbukumbu ya kisima cha nyumbani, ahadi ya kufika siku ya arobaini.

Kinyume chake nacho ni hatari. Ujumbe wa kutangaza dawa ya kutibu kisukari kwa siku saba unaweza usiwe na kistari hata kimoja, uwe na makosa ya tahajia, na uwe umeandikwa na binadamu kwa mkono wake. Bado ni uongo unaoweza kumfanya mgonjwa aache dawa zake. Ukipokea ujumbe wa afya, uliza nani ameutoa, ana ujuzi gani, na kama daktari wako au Wizara ya Afya wanasema hivyo. Alama za uandishi hazijibu lolote kati ya maswali hayo.

Likizo hii, mwanao akikuletea kazi yake uisome, acha vistari vikae vilipo kwa dakika chache. Soma hadi mwisho, kisha mwombe akusimulie alichoandika. Utajua mengi zaidi kwa kumsikiliza.